Mwezi Uko Matopeni: Jinsi Atkinson Grimshaw Alivyoujenga Usiku

Mabibi na mabwana, wachoraji wenzangu, na nyinyi mliokuja kwa kuwa mnapenda tu kutazama picha, asanteni kwa kufika.

Mchoraji akiagizwa achore usiku wa mbalamwezi, mkono wake hukimbilia buluu. Anga buluu, kuta buluu, bahari buluu, kisha kisahani cheupe juu. Usiku wa Atkinson Grimshaw, mchoraji Mwingereza wa karne ya 19, hauko hivyo. Una kijani kilichoingiwa na dhahabu, una kahawia ya majani yaliyolowa, una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Na mwezi wenyewe, uliompa mtu huyu umaarufu, mara nyingi ni kitu kidogo kilichojibanza nyuma ya wingu au matawi. Kazi kubwa iko chini, kwenye barabara yenye matope na maji ya mvua. Basi leo tutaangalia chini zaidi kuliko juu.

Habari zake kwa ufupi. John Atkinson Grimshaw alizaliwa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1836, kwa wazazi Wabaptisti wenye msimamo mkali ambao hawakuuona uchoraji kuwa kazi ya mtu mwenye akili zake. Akawa karani katika kampuni ya reli ya Great Northern. Mwaka 1861, akiwa na miaka 24, akaacha mshahara na kuingia kwenye rangi bila kupitia chuo chochote cha sanaa. Mwanzoni alichora ndege waliokufa, matunda na maua, halafu mandhari ambamo kila kokoto na kila jani limehesabiwa, kwa mtindo wa Pre-Raphaelite, kundi la wachoraji wa Uingereza wa wakati huo. Mwaka 1867 aliichora bandari ya Whitby chini ya mwezi. Mwaka 1870 akahamia Knostrop Old Hall, jumba la karne ya 17 nje kidogo ya Leeds. Zile kuta ndefu za mawe, malango na madirisha ya kizamani mnayoyaona yakijirudia katika picha zake, mengi yamezaliwa hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 akapatwa na pigo la fedha, akaiacha nyumba yake ya pili iliyokuwa Scarborough, akaanza kuchora kwa kasi ya mtu anayedaiwa. Miaka ya 1880 alikuwa na studio Chelsea, London. Alifariki mwaka 1893. Hakuacha shajara wala barua za kueleza kazi yake, kwa hiyo ushahidi wetu ni picha zenyewe.

Na tuseme kweli, si zote bora. Kipindi kile cha madeni alirudia mpango uleule: njia, ukuta upande mmoja, miti isiyo na majani, nyumba yenye dirisha moja linalowaka, mwanamke mmoja anakwenda zake. Ukiziweka kumi pamoja utachoka. Lakini ukiitazama moja iliyo bora, utajiuliza mwanga ule unatoka wapi.

Tuanze na saa. Watu wengi huziita picha hizi za usiku wa manane. Siyo. Leeds iko karibu nyuzi 54 kaskazini mwa ikweta, na katikati ya Desemba jua huzama pale yapata saa kumi kasorobo alasiri. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni, maduka bado yako wazi, watumishi wanarudi majumbani, magari ya farasi yanapita, na tayari kuna giza na mwezi uko nyuzi 9 hivi juu ya upeo wa macho. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi yako ni kama nyuzi 10. Mwezi uko hapo tu, juu ya mapaa. Ndiyo maana katika picha zake za bandari na za mitaa ya Leeds watu wamejaa barabarani na madirisha ya maduka yanawaka, na hakuna lililokosewa.

Msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam lazima alitilie hili maanani, kwa sababu mwezi wetu una tabia nyingine. Huku kwetu hupanda karibu wima. Saa mbili baada ya kuchomoza, mwezi mpevu wa Desemba umeshapita nyuzi 25 juu na umeachana na mapaa. Leeds, kwa muda uleule, umepanda nyuzi 15 tu, kwa mshazari, ukiburuzika nyuma ya miti na mabomba ya moshi. Grimshaw alikuwa na muda mrefu wa kuukuta mwezi wake ukiwa chini, mahali ambapo mwanga wake unalala juu ya barabara. Anayetaka kuiga picha hizi akiwa Lamu atapata nusu saa nzuri tu, kisha imepita.

Jambo la pili ni uwezo wa rangi, na hapa ndipo wengi hushindwa kabla hawajaanza. Nyeupe bora ya rangi ya mafuta hurudisha takriban asilimia 90 ya mwanga unaoiangukia. Nyeusi hurudisha asilimia 4 au 5. Kwa hiyo kutoka giza la mwisho hadi mwanga wa mwisho, turubai inakupa uwiano wa 20 kwa 1 hivi. Sasa nenda nje. Uso wa mwezi mpevu unang'aa zaidi ya mara 100,000 kuliko ardhi unayoimulika. Huwezi kuinakili tofauti hiyo. Lazima uibane, na namna unavyoibana ndiyo picha yenyewe.

Grimshaw aliibana kwa kuikataza sehemu kubwa ya picha isipande. Hebu tugawe mwanga ngazi 9, ya 1 ikiwa giza kabisa na ya 9 nyeupe kabisa. Katika picha zake zilizofaulu, ngazi ya 9 ni ya mwezi peke yake, kipande kidogo kuliko ukucha. Anga karibu na mwezi ni 6 au 7, nalo linashuka polepole hadi 4 kwenye pembe. Nyumba na kuta ni 2 na 3. Mashina ya miti yaliyo karibu ni 1 na 2. Maji ya barabarani yanafika 7, mara chache 8. Mchoraji anayeanza huipa kila kitu ngazi ya 8: mwezi, mawingu, dirisha, taa, dimbwi, kofia ya mwanamke. Mwisho picha haina usiku, ina mchana uliopakwa buluu.

Na kuhusu buluu hiyo. Mwanga wa mwezi ni wa jua uliorudishwa, na kwa kweli umeegemea manjano zaidi kidogo kuliko wa jua, ingawa ni hafifu kwa takriban mara 400,000. Buluu inatokana na macho yetu. Kwenye mwanga mdogo namna hii, chembe za jicho zinazotambua rangi karibu zinalala, na zile zinazobaki kazini hazitofautishi nyekundu na kijani, ingawa zinahisi zaidi upande wa kijani na buluu. Maana yake rangi ya usiku ni uamuzi wa mchoraji. Grimshaw aliamua kijani na dhahabu, na mji wake ulimuunga mkono. Leeds ilikuwa mji wa viwanda unaochoma makaa ya mawe. Moshi ukichanganyika na ukungu wa Novemba, mwanga unaopita humo hupoteza ubuluu wake na kuwa wa manjano chafu. Kwa hiyo tusiseme hewa ile ya dhahabu ni ndoto tupu. Humo ndani kuna masizi.

Taa nazo zina hesabu yake. Taa za gesi za siku zile zilikuwa ndimi za moto zilizo wazi, za rangi ya chungwa. Zile za utambi maalumu zenye mwanga mweupe zilisambaa miaka ya 1890, alipokuwa anaelekea mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo taa na madirisha ya Grimshaw hushindana na mwezi kwa rangi, hayashindani naye kwa nguvu. Mwezi ni baridi na juu, dirisha ni la joto na chini. Angalieni picha yake ya gati la Liverpool ya mwaka 1887, iliyoko katika jumba la sanaa la Tate: upande mmoja maduka, upande wa pili milingoti na kamba za meli, katikati barabara iliyolowa inayopokea mianga yote miwili. Ukichora dirisha kwa nyeupe, ushindani huo unakufa. Chora kwa chungwa la ngazi ya 6 na ulizungushie giza, litawaka lenyewe.

Sasa tufike barabarani. Kwa nini barabara iliyolowa? Kwa sababu barabara kavu ya udongo hutawanya mwanga kila upande na kubaki kijivu. Iliyolowa hufanya kazi kama kioo kilichokwaruzwa, na kioo kina kanuni tatu ambazo Grimshaw alizishika.

Ya kwanza, mng'ao wa mwezi hukaa wima chini ya mwezi wenyewe kwenye picha. Haupindi kufuata barabara. Barabara ikikata kulia, mng'ao hauifuati; unabaki mahali pake, na barabara inaupita. Hili ni kosa la kila siku hata kwa wachoraji wazoefu: wanauchora mng'ao kama rangi iliyomwagwa barabarani.

Ya pili, maji hurudisha mwanga zaidi unapoyatazama kwa mshazari. Ukitazama dimbwi moja kwa moja chini, hurudisha asilimia 2 tu. Ukilitazama kwa mbali, macho yako yakiwa nyuzi 10 juu ya uso wake, hurudisha kama asilimia 35. Kwa hiyo barabara karibu na miguu ya mtazamaji lazima iwe nyeusi, na ing'ae kadiri inavyokwenda mbali. Grimshaw huijaza sehemu ya mbele kwa majani, matope na kivuli, halafu mwanga unafunguka mbele kidogo ya katikati. Wengine wanadhani ni ujanja wa kumvuta mtazamaji aingie ndani. Nadhani ni macho mazuri tu.

Ya tatu, alama za magurudumu. Hizi hukimbilia kwenye sehemu ya mbali ambako mistari ya barabara inakutana, ilhali mng'ao uko wima. Mahali mistari hii miwili inapokatana, kingo za alama hushika mwanga kama nyuzi za fedha. Hapo ndipo picha inapopumua. Jichunguzeni: chora alama za magurudumu zing'ae kwa urefu wote, utapata reli. Zing'arishe pale tu zinapokutana na mng'ao, utapata matope.

Vivuli navyo vina kanuni. Mwaka 1872 alichora vivuli vya miti juu ya ukuta wa Roundhay Park, bustani ambayo jiji la Leeds lilikuwa limetoka kuinunua. Mwezi, kama jua, una upana wa nusu nyuzi angani. Kwa hiyo kivuli hufifia kingo zake kwa kadiri kitu kilivyo mbali na ukuta: tawi lililo mita 5 kutoka ukutani lina ukungu wa sentimita 4 na zaidi kwenye kivuli chake. Vijitawi vyembamba kuliko hapo haviachi kivuli cha kueleweka. Anayechora kivuli cha kila kijitawi kwa mstari mkali anakosea, hata kama mti wake mwenyewe umechorwa kwa usahihi.

Tuingie kwenye utengenezaji. Watu waliozichunguza picha zake husema karibu hazionyeshi njia ya brashi. Rangi ni nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na inaelezwa kwamba mahali pengine alichanganya mchanga ili ardhi iwe na mkwaruzo. Alitumia picha za kamera kama msaada, na ikasemwa pia kwamba alizimulika kwa lenzi juu ya turubai ili apate mistari. Kwa sababu hiyo wako waliouliza kama kweli hii ni michoro. Swali hilo halinisumbui. Kamera ya miaka ile haikuweza kushika barabara yenye watu kwa mwanga wa mwezi. Mistari ya nyumba inaweza kutoka kwenye lenzi. Usiku ule haukutoka humo.

Jirani yake wa Chelsea, James McNeill Whistler, naye alichora usiku, kwa rangi ya majimaji iliyoyeyusha kila kitu. Inasimuliwa kwamba alikiri kujiona mvumbuzi wa picha za aina hiyo hadi alipoona za Grimshaw. Kati yao kuna tofauti kubwa: Whistler anafuta, Grimshaw anahesabu. Kwenye picha ya Grimshaw ya mto Thames mbele ya Bunge, ya mwaka 1880, iliyoko Leeds Art Gallery, unaweza kulitambua kila jengo, na bado hewa ipo.

Mnaotaka kujaribu, chukueni ubao wa sentimita 30 kwa 50. Upakeni msingi, kisha rangi nyembamba ya kahawia ya udongo iliyolegezwa kwa tapentaini, ngazi ya 4 hivi. Ikauke siku 2. Juu yake chora giza na mwanga kwa kahawia na nyeupe tu, bila rangi nyingine, na usiende mbele mpaka picha isomeke ukiwa mita 3 mbali. Mwezi, kwenye ubao wa upana huo, ukitazamwa kama mandhari ya nyuzi 40, upana wake wa kweli ni milimita 6. Ndiyo, 6. Mkiongeza hadi 9 hakuna atakayewashtaki. Mkifika sentimita 3 mmechora sinia.

Hapo subirini wiki moja au zaidi. Kisha tabaka za rangi inayopitisha mwanga: kijani kilichotokana na buluu kidogo na manjano ya udongo, iliyolainishwa kwa sehemu 1 ya mafuta ya kitani na sehemu 2 za tapentaini. Pakeni nyembamba kiasi cha kuona mchoro wa chini vizuri, kisha futeni kuzunguka mwezi kwa kitambaa safi na kulainisha kwa brashi pana iliyo kavu. Mduara wa mwanga hupatikana kwa kufuta. Ukiupaka kwa nyeupe utapata unga. Tabaka la pili liwe na mafuta zaidi, sehemu 1 kwa 1. Kanuni ya zamani ni kwamba yenye mafuta mengi hukaa juu ya yenye mafuta machache. Ukiigeuza, tabaka la juu litakauka kabla ya la chini na kupasuka. Tabaka 3 au 4 zinatosha.

Matawi huja mwisho, juu ya anga lililokauka kabisa. Brashi nyembamba yenye manyoya marefu, rangi iliyolegezwa hadi kuwa kama wino, unaanza kwenye shina na kwenda nje huku ukiinua mkono ili ncha ipotee. Tawi likipita mbele ya mwezi, lifanye jembamba na la kahawia badala ya jeusi, kwa sababu mwanga humeza kingo. Msichore matawi yote. Chora theluthi moja, mengine yawe wingu la kahawia lililosuguliwa kwa brashi kavu.

Yanayoharibika ni haya. Giza likikauka huwa kijivu na kupoteza kina, kwa kuwa mafuta yamefyonzwa na msingi. Pakeni mafuta kidogo sana mahali hapo na kufuta yaliyozidi kabla ya kuendelea. Nyeusi ya kwenye chupa hutoboa shimo kwenye picha. Changanyeni giza lenu kwa kahawia na buluu. Lami, ambayo wachoraji wengi wa karne ya 19 waliipenda kwa kahawia yake tamu, haikauki kamwe na hupasua kila kilichowekwa juu yake, basi hata ukiikuta dukani iache. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani msivirundike kwenye kona ya chumba: hupata joto vyenyewe hadi kuwaka. Viloweke maji, viweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko.

Neno kwa wanunuzi. Usiku wa Grimshaw ulipendwa mno, wakatokea waliomfuata, kama Walter Meegan na Wilfred Jenkins, na wanne kati ya watoto wake, Arthur, Louis, Wilfred na Elaine, nao walichora. Picha ya gati na mwezi isiyo na saini si lazima iwe yake. Yeye hutia "Atkinson Grimshaw", mara nyingi na mwaka, na picha nyingi zina jina lake na la mahali nyuma ya turubai. Kisha tazama kijani. Vanishi ya utomvu ikizeeka huwa ya manjano na kuigeuza hata buluu kuwa kijani. Kwa hiyo kabla ya kuusifu usiku wa kijani, tafuteni nyeupe: mwezi, theluji au kola ya mtu. Ikiwa nayo ina rangi ya samli, mnasifu vanishi.

Mwisho, jaribio moja la kufanya mkisimama mbele ya picha yake, hata iliyochapishwa kitabuni. Funga jicho moja na uuzibe mwezi kwa kidole gumba. Picha bado ina mwanga, karibu kama ulivyokuwa. Kisha ondoa kidole, uzibe barabara kwa kiganja, na utazame usiku ukizimika mwezi ukiwa bado juu.